Maneno Kwenye Fito za Njegere

Sajenti Mwajuma Stambuli alipanda milimani Mgeta siku ya Alhamisi akiwa na bahasha moja ya mtihani, barua moja na muda usiotosha. Muda alipewa kwa simu alfajiri na Judith, mratibu wa shindano. Kama mpaka saa kumi alasiri polisi watakuwa hawajasema neno la maana, jina la Irene Kasiani litafutwa, na nafasi ya kusoma sekondari ya bweni miaka yote sita, pamoja na sare na godoro, itakwenda kwa mshindi wa pili.

"Na mwalimu wake je?" Mwajuma aliuliza.

"Ofisi ya elimu imeshamsimamisha. Wanasubiri karatasi yako wamalizane naye."

Shindano lenyewe lilikuwa la maneno mapacha ya Kiingereza. Msomaji anasoma sentensi, analitaja neno, watoto wanaandika. *Flour*, unga, na *flower*, ua, yakitoka mdomoni ni sauti moja. Yakifika kwenye karatasi ni majirani wasiosalimiana. Maneno arobaini ya namna hiyo yalisomwa Jumamosi mjini Morogoro mbele ya watoto mia moja na kumi. Irene, miaka kumi na mitatu, kutoka shule ya msingi Mhungila, shule ambayo maktaba yake ni sanduku moja la bati lililopotea ufunguo, alipata yote arobaini. Wa pili alikuwa mvulana wa shule binafsi ya Msamvu, aliyekosa moja tu.

Kesho yake, Jumapili, mkurugenzi wa shule hiyo ya Msamvu, Mansuri, aliandika barua. Aliigonga mihuri mitatu, pengine kwa kuhofia mmoja usingesikika. Mwajuma aliisoma tena ndani ya Land Cruiser, gari likijikokota kwenye kona za mlima huku dereva akiilaani kila moja kwa jina lake.

"Haiwezekani mtoto wa shule isiyo na madirisha akapata arobaini kwa arobaini," Mansuri aliandika. "Lakiri ya bahasha iliyeyushwa kwa mshumaa hukohuko milimani, na mwalimu wake Benedikto, ambaye alilala msibani nyumba moja na msimamizi wa mtihani."

Malalamiko hayo hayakuwa ya hewani. Jana, saa kumi na mbili jioni, Mwajuma alijifungia ofisini na taa ya mezani na lenzi. Chini ya lakiri nyekundu iliyofungia bahasha alikuta utando mwembamba mweupe wa nta. Bahasha ilikuwa imefunguliwa, karatasi ikasomwa, kisha ikafungwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Alivaa koti, akafunga mlango, akaenda nyumbani bila kumwambia mtu yeyote. Ofisini kwao, ukimwambia mmoja, ujue jambo limeshatangazwa sokoni.

Mwalimu Benedikto alikuwa barazani kwake akimenya maharage. Kijana wa miaka thelathini, shati limepigwa pasi kama anakwenda kazini, na kazi yenyewe hana.

"Karibu, afande. Pingu ziko wapi?"

"Zimo garini. Unazitaka?"

"Nauliza tu, nijue kama nimalizie maharage."

Mwajuma aliketi kwenye kigoda. "Kwenye msiba wa mama yake msimamizi, Mwalimu Emmanuel, wiki moja kabla ya mtihani, ulilala pale?"

"Nililala. Nusu ya kijiji ililala. Mguu nilioamka nao mpaka leo sina hakika ni wangu."

"Mkoba wenye bahasha uliuona?"

"Ijumaa niliuona. Mzee kajifunga nao kama mama mwenye kichanga."

"Jumamosi?"

Benedikto alitupa ganda moja, akakosa kikapu. "Jumamosi nilikuwa kaburini nachimba. Sikuuangalia."

"Hukuuangalia, au hukuuona?"

"Afande, mimi nilikuwa ndani ya shimo."

Mwajuma aliandika, kisha akapigia mstari. "Mwanafunzi wako alijuaje yote arobaini?"

"Nenda shambani kwa mama yake ukajionee. Nikisema mimi, utasema nimetunga."

Jibu la namna hiyo lina pande mbili: ama la mtu msafi, ama la mtu aliyekwisha kupanga vitu huko shambani. Mwajuma aliondoka bila kumpa mkono.

Shamba la Cecilia lilikuwa mteremko uliokatwa matuta kama ngazi, moja juu ya jingine, kuanzia kijitoni hadi kwenye jiwe kubwa. Cecilia alikuwa akipalilia. Irene alikuwa akibeba samadi kwenye ndoo. Shuleni alikuwa hajaenda tangu Jumatatu, wenzake walipoanza kumwita Bahasha.

"Shikamoo, afande," Irene alisema, akakaza macho kwenye ndoo.

"Marahaba. Endelea na kazi, nitakuita."

Cecilia aliegemea jembe. "Wewe umetoka mjini, lakini uso ni wa huku. Mama yako wa wapi?"

"Wa Matombo."

"Ukoo gani?"

Mwajuma aliutaja. Cecilia akapiga kofi paja lake.

"Mtani wangu kabisa! Shukuru Mungu leo sina raha. Ningekuvua viatu ukashuka mlima peku."

"Siku nyingine, mama. Leo nimekuja kwa ajili ya mwanao."

"Najua ulichokuja nacho. Tazama unavyotaka kutazama."

Na cha kutazama kilikuwepo. Njegere zilikuwa zimepanda kwenye fito, na juu ya kila ufito kilifungwa kibao kilichokatwa kwenye boksi la biskuti, kimeandikwa neno la Kiingereza kwa kalamu ya maka. *Sun*, jua. Kwenye tuta la pili, ufito uliotazamana na ule wa kwanza, *son*, mtoto wa kiume. Mwajuma alitoa bahashani orodha ya mtihani, akaanza kupita tuta kwa tuta, akiweka tiki. Neno la kwanza lilikuwepo. La tano lilikuwepo. La kumi na nane lilikuwepo, na pacha wake akilitazama kutoka tuta la jirani.

Alipofika mwisho, tiki zilikuwa arobaini. Hakuna hata neno moja lililokosekana.

"Mama Irene," alisema, sauti yake imepoa, "hapa yapo maneno yote ya mtihani."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo?"

"Na mengine yapo. Wewe umeishia katikati. Panda."

Mwajuma alipanda, viatu vikijaa udongo. Matuta yaliendelea, na vibao vikaendelea. Alihesabu kwa sauti, akapotea, akarudi kuhesabu upya. Jozi mia mbili na kumi na mbili. Aliyeiba maneno arobaini hana sababu ya kukata vibao mia nne na ushee, isipokuwa kama ni mjanja na anataka kuyaficha arobaini katikati ya wenzao. Mwajuma alikwisha kukutana na wajanja wa aina hiyo, mmoja wao alimwachia kovu kwenye kiwiko. Akainama kutazama kibao kwa karibu.

Mnjegere una vikono, vile viuzi vya kijani vinavyotafuta pa kujishikiza. Kwenye kibao cha *hole*, shimo, kikono kilikuwa kimekizunguka mara nne, kikapita juu ya herufi, kisha kikakauka na kuwa cha kahawia, kigumu kama waya. Alijaribu kukinyofoa. Kibao kilichanika, kikono hakikuachia. Cha pili vilevile. Cha ishirini vilevile. Kwenye matuta ya chini njegere zilikwisha kuchumwa, mashina yamenyauka, na vibao vimebaki vimekumbatiwa na maiti.

"Mlipanda lini?"

"Mvua zilipochanganya. Imefika miezi miwili na nusu sasa."

"Na vibao?"

"Mwalimu alivileta njegere zikiwa urefu wa kiganja. Alisema mtoto hana muda wa kukaa na daftari kwa sababu mimi namtaka shambani, basi daftari lije shambani. Tukagombana. Halafu nikazoea. Sasa namwambia, nenda kapalilie kwenye Sun, maana kule ndiko kwenye kivuli. Kwenye jua kali ni kwa Son. Wazungu hawa, sijui waliyapangaje."

Mwajuma alitazama tarehe iliyokuwa juu ya orodha. Judith aliyachagua maneno yale na kuyachapa siku kumi na tisa zilizopita. Vikono vilivyokauka juu ya vibao vilikuwa na umri mkubwa kuliko mtihani wenyewe.

"Irene! Njoo."

Msichana alikuja akifuta mikono kwenye khanga.

"*Bean* na *been*. Nitofautishie."

Irene hakutazama angani kutafuta jibu, alitazama mlima. "La kwanza liko chini ya jiwe. Ni haragwe. La pili liko karibu na kijito, tuta lililobomoka. Hilo ni la kitendo, kwamba umekuwa mahali."

"Uliona karatasi ya mtihani kabla ya Jumamosi?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikusomea?"

"Mama ananisomea vibao. Lakini mama anasoma vibaya."

"Nasoma vibaya!" Cecilia alidakia. "Na umeshinda kwa kusoma kwangu vibaya!"

Mwajuma alipiga picha thelathini. Irene alisimama kando, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nitakwenda?"

"Bado. Mimi nimeamini. Judith ataniuliza, kama siyo ninyi, nani aliifungua bahasha? Nisipokuwa na jina, watayafuta matokeo yote. Nani atanipeleka kwa Mwalimu Emmanuel?"

"Mimi," Cecilia alisema, akachomeka jembe ardhini.

Ilikuwa saa tano na robo.

Mwalimu Emmanuel, mkaguzi mstaafu wa elimu, alikuwa bado anakaa kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Mabenchi ya msiba yalikuwa hayajarudishwa parokiani. Alikuwa mzee mnyoofu, wa kuvaa tai hata akichunga mbuzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Uliza."

"Bahasha ulikabidhiwa lini?"

"Siku kumi kabla ya mtihani, imefungwa, mbele ya mashahidi wawili. Mama akafariki. Sikuweza kuiacha mjini, nikaja nayo."

"Mkoba uliibiwa wakati wa msiba?"

"Haukuibiwa."

"Kuna mtu aliuchukua bila ruhusa?"

"Hakuna asiye na ruhusa aliyeugusa."

"Ulivunjiwa chumba?"

"Binti, nimesimamia mitihani miaka thelathini na nne. Sijawahi kuibiwa hata chaki. Niletee Biblia niape."

Mwajuma aliandika: Mkoba haukuibiwa. Akatazama maneno yale kwa kinyongo. Mzee hakuwa mwongo, hilo lilionekana wazi. Lakini nta haijipaki yenyewe. Akabaki na mtu mmoja tu aliyelala mule ndani mwenye sababu ya kuifungua, na mtu huyo alikuwa na shati lililopigwa pasi na kikapu cha maharage. Kwamba Irene hakuhitaji karatasi ya wizi haimaanishi kwamba mwalimu wake hakuiiba. Woga umewafanyisha watu mambo ya kijinga zaidi ya hilo.

Aliweka daftari kwenye benchi, akainuka kunyoosha mgongo. Alipogeuka, daftari halikuwepo.

"Daftari langu!"

Cecilia alikuwa ameshafika kwenye mti wa matunda damu, daftari ameliweka kifuani. "Limekamatwa! Mtani haachi vitu hovyo kwenye nyumba ya msiba. Toa kuku!"

"Mama, hicho ni kielelezo cha serikali!"

"Basi serikali itoe jogoo."

"Mwalimu, unaona? Naibiwa mchana kweupe!"

Kwa mara ya kwanza mzee alicheka, mpaka tai ikapinda. "Unaibiwa wapi, afande? Huo ni utani wa koo, mtani anakamata kitu mpaka kikombolewe kwa kuku. Nani alikwambia mtani anaiba?"

Kicheko chake kilimalizika peke yake, kwa sababu Mwajuma hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama wima, anamtazama mzee.

"Mwalimu. Swali langu lilikuwa bovu. Naliuliza upya. Kwenye msiba, watani waliukamata mkoba wako?"

"Aa, hilo? Waliukamata, bila shaka. Mfiwa anazunguka na mkoba kifuani siku mbili, watani wauache? Ningewashangaa."

Cecilia alishusha daftari polepole.

"Nani aliukamata?"

"Faraja. Ukoo wake ni watani wetu. Ni dereva, alileta waombolezaji kutoka mjini kwa basi dogo, Kosta. Jumamosi jioni akaondoka na mkoba anaimba dirishani. Jumapili baada ya misa akaurudisha, nikamtolea jogoo mwekundu. Watu walicheka mpaka padri."

"Ulilala mjini mkoba huo, na bahasha ndani, na hukusema?"

"Wewe uliuliza wizi," mzee alijibu, na rangi ilikuwa inamtoka usoni. "Na hata ungeuliza vingine... Nimshitaki mtani? Ukoo mzima ungenicheka mpaka kufa, na watakaokuja kunizika ni haohao."

"Hiyo Kosta ya nani?"

Mzee alikaa kwenye benchi. Alikuwa ameshajua jibu, na jibu lilimwelemea.

"Ya shule. Ile ya Msamvu. Ya Mansuri."

Cecilia alilirudisha daftari kwa mikono miwili. "Chukua, mtani. Kuku utaleta baadaye. Kimbia."

Land Cruiser iliingia Msamvu saa tisa na dakika ishirini, injini ikinuka. Ndani ya uzio wa shule, mwanamume mnene mwenye uso wa ucheshi alikuwa anaosha magurudumu ya Kosta, amepiga magoti juu ya kipande cha turubai.

"Faraja?"

"Ndiye. Kama ni la kodi ya gari, bosi yuko ndani."

"Ni la jogoo mwekundu."

Faraja akacheka kwa tumbo zima. "Tulimla, afande! Nyama ngumu, lakini ya ushindi. Mzee aliulilia ule mkoba!"

"Ulilala wapi?"

"Jogoo?"

"Mkoba."

"Hapa. Nilimwonyesha bosi, nikamwambia nimemkamata msimamizi mzima wa mtihani. Alicheka sana. Akasema niuache ofisini kwake, kwenye gari utaibiwa." Aliona uso wa Mwajuma, na tabasamu lake likaanza kutafuta pa kwenda. "Kwani mkoba ulikuwa na nini?"

"Inuka kidogo."

"Afande?"

"Ulichopigia magoti. Kigeuze."

Hakikuwa turubai tupu. Upande wa pili palikuwa na picha ya mvulana mwenye tai, na maandishi makubwa kama milango: MSHINDI WA KWANZA, MANENO MAPACHA.

"Bosi alilichapisha," Faraja alisema. "Baadaye akasema nilitupe. Nikaona ni nailoni nzuri."

"Alilichapisha lini?"

"Nililifuata mimi mwenyewe kwa fundi. Ijumaa."

"Shindano lilikuwa Jumamosi."

Faraja alilitazama bango, akamtazama sajenti, kisha akatazama mlango wa ofisi. Kitambaa cha kuoshea kilimdondoka.

Mansuri alimpokea kwa soda na kiti chenye mto. "Afadhali mmechukua hatua. Mwalimu kakiri?"

"Nina maswali machache kuhusu barua yako. Uliiandika mwenyewe?"

"Kila neno."

"Jumapili?"

"Tarehe si ipo?"

"Ipo. Na mihuri ipo. Hapa umesema lakiri iliyeyushwa kwa mshumaa. Nani alikwambia ni mshumaa?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu ni mimi, mzee Mansuri. Nimeiona nta jana saa kumi na mbili jioni, peke yangu, na sijamwambia hata mume wangu. Jumamosi bahasha ilifunguliwa mbele ya watu mia na ushee, hakuna aliyeona kasoro. Ungesema tu ilichezewa, ningekuelewa. Ungebahatisha, ungesema wembe, mvuke wa birika, kiberiti. Wewe umekwenda moja kwa moja kwenye mshumaa."

"Ni... ni kawaida. Huko kwao umeme hakuna."

"Mhungila umeme una miaka mitatu."

Mansuri alisogeza soda. Mwajuma alitoa bahashani karatasi ya majibu ya mvulana aliyekuwa wa pili, akaiweka mezani.

"Mwanafunzi wako huyu. Swali la arobaini. Aliandika jibu sahihi, mwandiko mzuri. Kisha akachukua rula, akalikata kwa mstari ulionyooka, akaandika pacha wake. Mtoto aliyesahau hapigi rula. Anayepiga rula ametumwa."

"Hunijui mimi ni nani mji huu."

"Nakujua kwa bango. Lipo nje, chini ya magoti ya dereva wako. Ulitaka ashinde kwa thelathini na tisa, ionekane ni ya haki. Hukumweka kwenye hesabu mtoto wa kuotesha njegere."

Mkurugenzi aligeuka. Dirishani alimwona Faraja amesimama katikati ya uwanja, bango limening'inia mikononi, analitazama kama mtu aliyeona picha ya marehemu.

"Mvulana hana kosa," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Nilimwambia ni mazoezi."

"Hilo utaliandika. Kwa mkono wako, bila muhuri."

Saa kumi kasoro dakika sita Mwajuma alimpigia Judith. Alisoma maelezo yenye saini, akataja mkoba, Kosta, ofisi na mshumaa. Upande wa pili kalamu ilisikika ikikwaruza.

"Irene Kasiani anabaki wa kwanza," Judith alisema. "Ofisi ya elimu nitawapigia sasa hivi. Yule mwalimu kesho aingie darasani."

Simu ya Cecilia iliita mara saba.

"Mama Irene, mwambie mtoto afungashe. Anakwenda."

Ilisikika ndoo ikianguka, ikibingirika mteremkoni, ikigonga jiwe baada ya jiwe mpaka kijitoni, na sauti ya mtoto ikiuliza, "Mama, nini? Mama?"

"Mama Irene, upo?"

"Nipo, mtani." Alipenga kamasi. "Jana usiku nilitaka kuving'oa vile vibao. Niliona ndivyo vilivyotuletea balaa. Nilivivuta, havitoki. Vimeshikwa."

"Viache hivyohivyo. Mahakama itavitaka."

"Vitakaa. Na wewe, jogoo wangu yuko wapi?"

Mwajuma aligeuka. Dereva wa polisi alikuwa anamsaidia Mansuri kupanda nyuma ya Land Cruiser. Ng'ambo ya barabara, karibu na stendi, mama mmoja alikuwa na tenga la kuku.

Dakika kumi baadaye gari liliondoka Msamvu likiwa na abiria wawili kwenye benchi la nyuma, mkurugenzi mmoja na jogoo mmoja mwekundu aliyefungwa miguu. Kati yao wawili, ni jogoo peke yake aliyekuwa bado na la kusema.